Jongoo Bahari Mbele ya Wakwe

Kule kwenye milima ya Uluguru huwezi kumkanyaga chura usikute keshapewa jina la Kilatini. Vyura, vinyonga, ndege, hata konokono, wote wana wasomi wao waliopanda kuwapima miguu. Nilipoanza shahada ya pili pale Morogoro nikaomba nami nipewe chura. Msimamizi wangu akasema kwenye vyura foleni ni ndefu, akanipa jongoo bahari, mnyama ambaye ili umwone hai inabidi uiache milima yote nyuma yako na kushuka mpaka Pwani.

Jongoo bahari anafanana na hicho hicho unachokifikiria. Hana uso wala ubongo. Anakula mchanga, ananya mchanga. Akitishwa anamwachia adui matumbo yake, kisha anaota mengine bila kinyongo. Na anapumulia tundu lile lile la kunyia, jambo ambalo nililisoma mara mbili nikidhani mwandishi alikuwa amechoka.

Kumtambua ni wa aina gani ndiko kwenye kazi. Rangi inadanganya, na umbo nalo linadanganya, maana akiwa hai anavimba na akifa ananywea. Kwa hiyo unakata kipande cha ngozi, unakitia kwenye dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, nyama inayeyuka, na kinachobaki ni chembechembe za chokaa. Ukizitazama kwa hadubini, nyingine zina umbo la meza, nyingine la vifungo vya shati. Kila aina ina vifungo vyake. Hiyo ndiyo elimu niliyoililia: kumvua nguo mnyama asiye na uso na kukagua vifungo vyake.

Siku ambayo wakwe walikuja kuniona, nilikuwa na jongoo mmoja aliyenishinda. Vifungo vyake havikufanana na picha yoyote niliyokuwa nayo. Friji la maabara lilikuwa limekufa, nikambeba nyumbani ndani ya kopo la aiskrimu pamoja na hadubini ya kuazima.

Walikuja Jumapili baada ya misa, mama wa mchumba wangu na bibi yake mzaa mama, wameshuka mlimani na kapu la karoti na njegere. Ugeni wenyewe ulikuwa na swali moja tu. Kwa Waluguru, lukolo, yaani ukoo, ni wa mama, na watu wa lukolo moja ni ndugu, hawaoani. Walitaka kujua langu ni lipi, wasije wakamwoza binti yao kwa kaka yake.

Mimi sikuwa najua. Mama alikufa sijaanza kutambaa. Baba alikuwa mtu wa kuja, dereva wa malori, naye akafa nikiwa darasa la pili, na alichoniachia ni kwamba mama alikuwa Mluguru "wa huko juu". Nimelelewa Dumila na shangazi, dada yake baba, muuza nyanya wa barabarani, ambaye hajui zaidi ya hapo.

Nikasema, "Sijui, mama." Nilikuwa nimeogopa sentensi hiyo wiki nzima.

Mama mkwe alimgeukia bibi. Kwa adabu yao alikuwa akizungumza nami kupitia kwa bibi, ingawa tulikaa kochi na stuli, magoti yakikaribia kugusana. Mchumba wangu aliinamia vidole vyake. Bibi, ambaye kwa utani wa bibi na mjukuu alikwishaniita mume wake tangu mlangoni, akainuka kwenda kujitafutia maji ya baridi.

Kila mtu nchi hii anajua kuwa kopo la aiskrimu kwenye friji lina maharage. Ila kila mtu hulifungua.

"Mume wangu," bibi aliniita, akirudi na kopo wazi mikononi, "hii ni ya nani?"

Mama mkwe alichungulia, akafunika mdomo kwa khanga. "Mama, muulize kama ndiyo ile dawa ya wanaume wanayouza stendi Msamvu."

"Unaumwa, mume wangu?"

"Siumwi, bibi. Ni mnyama. Namsomea."

"Mdomo wake uko wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na pua? Anapumulia wapi?"

Mchumba wangu, mwalimu wa baiolojia, aliyajua majibu yote, na sasa alikuwa akikagua dari. Nilitokwa na jasho mpaka kwenye soksi. Kusema uongo kuhusu jongoo wangu niliona haya, na kusema kweli mbele ya mama mkwe niliona haya zaidi.

"Anapumulia anakokalia, bibi."

Bibi akafikiri. "Babu yenu naye usiku alikuwa hivyo hivyo."

Mama mkwe aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika. Alipogeuka tena alikuwa amejifuta macho, na uso umerudi kuwa wa mkwe. Nikaona heri niokoe kilichobaki, nikawasha hadubini, nikawaonyesha vile vifungo. Bibi aliona kope zake mwenyewe, kisha akaviona. Mama mkwe akainama naye, akakaa pale kitambo kirefu.

"Mama," alisema bado ameinama, "muulize, huyu sasa ni wa ukoo gani?"

"Sijui," nikasema. Sijui ya pili mchana mmoja. Nilijiona mjinga wa kukodi. "Vifungo vyake sijavikuta kwenye kitabu chochote."

"Muulize, asiyejulikana ukoo wanamfanyaje? Wanamtupa?"

"Hapana. Tunamtia kwenye chupa ya spiriti, tunaandika alikookotwa, tunamtunza. Halafu tunaendelea kumtafutia."

Mama mkwe akanyanyuka kwenye hadubini. Akanitazama, na safari hii hakumpitia mtu.

"Jumamosi upande mlimani, baba. Njoo na jina la mama yako, hata kama unalo la ubatizo tu. Kuna wazee parokiani, kuna akina mama waliosoma naye, mtu hazaliwi peke yake. Tutakutafutia."

"Na tukikuta ni lukolo letu?" bibi akauliza, maana swali hilo hakuna mwingine aliyethubutu kuliuliza.

"Basi atakuwa mwanangu," alisema mama mkwe. "Lakini hakai bila kujulikana."

Nimeishi miaka yote hiyo nikiamini kwamba swali la mama yangu lilizikwa naye, na kwamba aliyelibeba ni mimi peke yangu. Nikashika karoti moja kapuni, sijui kwa nini, nikaishikilia.

Bibi alifunika lile kopo, akalirudisha kwenye friji kwa ncha za vidole.

"Ila siku ukija kwangu, mume wangu," akasema, "aiskrimu iwe aiskrimu."