Wimbo Ulioimbiwa Nje

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na moja nilijua kila kitu. Shule nilikuja kuiacha mapema kwa sababu hiyo hiyo; waulize walimu, walishukuru. Nilikuwa msichana mwenye redio kaseti yangu mwenyewe, na katika barabara yetu pale Wembley hakuna mtoto aliyenizidi mdomo.

Mama alikuwa kea, mtu wa kulipwa kutunza wagonjwa majumbani mwao. Likizo ile ya shule, miaka ya tisini ikielekea mwisho, alinichukua kila siku kazini, alikokuwa akimwosha na kumnyoa mzee mmoja wa Kigujarati aliyezaliwa Mombasa kama yeye. Jamaa za mzee walimchagua Mama kwa ajili ya Kiswahili chake. Mke wa mzee tulimwita Ba, kama walivyomwita wajukuu zake, na nyumbani kwake Kiingereza kilivuliwa mlangoni pamoja na viatu. Mzee alikuwa na saratani. Nyumba nzima ilijua isipokuwa yeye. Aliambiwa ni vidonda vya tumbo, na kwamba Desemba atakwenda Mombasa. Kila asubuhi, povu likiwa shavuni, alimtajia Mama atakachokula huko: mihogo ya kuchoma, viazi karai, achari ya maembe.

Siku moja Ba alipata barua kutoka India. Akakata kona ya bahasha, akailoweka, kisha akaibandika stempu kwenye mlango wa friji. Ilikuwa na uso wa mwanamume.

"Nani huyu, Ba? Mchumba wako wa zamani?"

"Adabu huna," akasema, lakini alicheka. "Huyu alitunga mashairi kwa lugha yetu, Kigujarati. Tena alizunguka vijijini, anakaa na wanawake, anaandika nyimbo zao. Za harusi, za kubembeleza watoto. Za kilio ndiyo ilikuwa taabu."

"Kwa nini?"

"Wimbo wa kilio hauimbwi ndani ya nyumba yenye wazima. Ukiuimba, umemchagulia mtu kifo."

Nikamwambia huyo bwana wa stempu ningemtoa kijasho. Yeye alikuwa na kalamu tu, mimi nina mashine. "Niimbie mmoja, Ba. Watanibandika kwenye barua za Malkia." Nilimsumbua siku tatu. Ya nne akavaa koti juu ya sari, tukaenda hadi nyuma ya maegesho ya magari, karibu na mapipa ya taka, akaimba, nami nikarekodi kwa betri zilizokuwa zikielekea kwisha. Sauti yake ilikuwa nyembamba, na alijipiga kifua taratibu kwa kiganja. Alipomaliza alinawa uso kwa maji ya chupa, akaninawisha na mimi, kama watu watokao mazikoni.

Kuhusu kucheza kaseti ndani hakuna aliyenikataza. Nilitangulia kuingia jikoni, nikachomeka waya wa redio, nikarudisha mkanda nyuma, nikabonyeza, sauti hadi mwisho. Nilitaka Mama asikie nilivyo fundi.

"Nani amekufa?" mzee akauliza kutoka chumba cha mbele.

Ba aliruka, akachomoa waya ukutani. Nikamfuata hadi mlango wa chumba.

"Hakuna, Mzee," Mama alikuwa akisema, wembe mkononi. "Ni huyu mtoto anacheza."

Mzee alimtazama Mama, kisha Ba, aliyekuwa bado na kiatu kimoja mguuni. Wote wawili walitazama zulia.

"Basi mmeanza mapema," akasema.

Kesho yake Mama alijaribu. "Leo tunakula nini Mombasa, Mzee?"

"Kula wewe," akamjibu, akageuka upande. Hakutaka kunyolewa tena. Alikufa kabla shule hazijafunguliwa.

Siku ya msiba nyumba ilijaa wanawake wenye sari nyeupe. Mmoja, mkubwa kuliko wote, alimwomba Ba aimbe. Sasa ilikuwa ruhusa. Ba alimjibu kwa Kigujarati, halafu akatugeukia mimi na Mama, akalisema lile lile kwa Kiswahili.

"Ameshausikia."

Nimejisifia mengi tangu hapo, mengine ya uongo. Hili sijawahi kulisimulia. Siamini kwamba wimbo unaua. Saratani ndiyo iliyomuua, na ingemuua tu. Huwa najiambia hivyo nikiwa kwenye basi, na ni kweli, na hainisaidii kitu. Kwa sababu yule mzee alikuwa na Mombasa yake ya kula kila asubuhi, na wiki zile za mwisho alilala na njaa, akijua.