Kikohozi cha Tatu

Shangazi yangu Lidwina hupika pilipili kwa moto. Natanguliza jambo hilo kwa sababu katika ua wetu wa Bombambili ndilo linaloanzisha kila ubishi. Jirani yake Zabibu, ambaye mlango wake wa nyuma unatazamana na jiko la shangazi kwa umbali wa hatua kumi na mbili, anaamini kwamba pilipili ikishaona moto imekufa, na kwamba anayeila anakula mzoga. Yeye hukatakata pilipili kichaa mbichi, huzishindilia ndani ya chupa ya mdomo mpana pamoja na chumvi na maji ya ndimu, kisha huiweka chupa juu ya bati kwa siku saba. Shangazi humjibu kwamba jua la Songea la mwezi wa saba haliwezi kukausha hata leso, sembuse kuivisha pilipili.

Ubishi huo una umri wa miaka ishirini na miwili. Nimeusikia sehemu kubwa, kwanza nikiwa mgeni wa likizo, na sasa nikiwa mpangaji asiyelipa kodi katika chumba cha mbele cha shangazi, mtu wa miaka arobaini na minane mwenye shahada ya sayansi ya chakula na nyumba yake mwenyewe isiyokwisha kujengwa.

Shangazi ana miaka sitini na mmoja. Alizaliwa karibu na Hanga, akaolewa mjini na fundi baiskeli, akazaa watoto watatu ambao wote wako mbali. Pilipili alifundishwa na mama yake: zikaushwe kwenye uchanja juu ya mafiga mpaka zishike moshi, zitwangwe, ndipo zikaangwe katika mafuta ya alizeti pamoja na kitunguu saumu, karoti na nyanya. Mume wake alipofariki, miaka sita iliyopita, akina mama wa jumuiya ya Mtakatifu Ana walimpa kazi ya pilipili katika sherehe ya kwanza iliyofuata, ili asikae pembeni akipewa pole. Akaipika, watu wakalamba vidole, na tangu siku hiyo hakuna amwitaye mjane. Anaitwa Mama Pilipili. Nimewahi kujiuliza kama kuna cheo chochote ambacho mimi nimepewa na watu kwa moyo kama ule, na sikupata jibu lililonifurahisha.

Kwa mwaka mzima nilikuwa nikijaribu kuandika pilipili yake katika daftari. Niliamini kwamba kitu kisichoandikwa kitapotea, na kwamba kazi ya msomi ni kukizuia kisipotee. Nikachora safu: kiungo, kipimo, muda.

"Mafuta kiasi gani, shangazi?"

"Mpaka zielee."

"Na jikoni inakaa dakika ngapi?"

"Mpaka ikubali."

"Unajuaje kwamba imekubali?"

"Wewe Raphael, ulisomea kupika au kuuliza?"

Safu ya muda ikabaki tupu.

Mwezi wa sita, katika kikao cha maandalizi ya sikukuu ya Mtakatifu Ana, somo wa jumuiya, ubishi ulipata mtu wa tatu. Ida, mwalimu wa chekechea, binti mpole asiyepandisha sauti, aliomba kusema.

"Mimi naona tuwapumzishe wazazi wetu. Nina blenda. Pilipili, karoti, nyanya, siki kidogo, dakika mbili imekwisha. Na wala haimkohozi mtu."

Watu walicheka. Shangazi hakucheka. Mama Getruda, kiongozi wa jumuiya, mwanamke asiyependa jambo libaki likining'inia, aliamua palepale: siku ya sikukuu kila mmoja alete yake, watu wale, na itakayopendwa ndiyo itakayokaa mezani miaka yote inayofuata.

"Alete," alisema shangazi.

Sherehe ilipangwa Jumapili. Zabibu alikuwa amekwenda Tunduru kwenye arobaini ya kaka yake, akiwa ameaga kwamba angerejea Jumamosi akijaaliwa kupata basi. Shangazi alipaswa kupika Alhamisi, ili pilipili ilale siku tatu. Alhamisi akasema karoti hazikuwa nzuri. Ijumaa akasema mkaa una unyevu. Kila nusu saa alikuwa akiutazama mlango uliofungwa wa jirani yake. Nilidhani anamkumbuka tu, na nilisikia hata haya kwamba nilikuwa nimewahi kuuita urafiki ule ugomvi.

Jumamosi asubuhi hakukuwa na kisingizio kilichobaki. Aliwasha jiko, akatazama upande wa pili wa ua, kisha akanitazama mimi.

"Chukua kigoda ukakae pale mlangoni kwa Zabibu. Andika vitabu vyako huko."

"Hapa nakuona vizuri zaidi, shangazi."

"Nimesema kule."

Nikaenda. Nilikaa kizingitini kwa Zabibu na daftari langu mapajani. Upepo wa baridi ulikuwa ukivuma kama kawaida yake, kutoka jikoni kwa shangazi moja kwa moja hadi pale. Pilipili zilipoingia katika mafuta, harufu yake ilinifikia kooni kabla ya kunifikia puani. Nilihisi kikohozi kikipanda. Nikakimeza.

Lazima nieleze hapa namna nilivyolelewa. Kwa baba yangu, mtoto aliyekohoa mbele ya chungu cha mkubwa alitolewa nje na kuulizwa ni nani aliyemwambia chakula kile ni kibaya. Kukohoa ni kusema. Mtu mwenye adabu huziba mdomo, hulengwa na machozi, husubiri. Nami nilisubiri. Cha pili kilikuja, nikakizuia kwa leso. Cha tatu kilinitikisa mabega, nikainama kana kwamba natafuta kalamu. Kila nilipoinua macho nilimwona shangazi akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mwiko ukizunguka, kama mtu anayesikiliza redio yenye sauti ndogo.

Kisha harufu ikabadilika. Niliijua harufu ile, niliisomea mitihani. Kitunguu saumu kilikuwa kinaungua. Ningeweza kusimama na kusema. Badala yake nilijiuliza: mwanamke huyu amepika hivi miaka arobaini, mimi ni nani? Huenda ndiyo siri yenyewe. Nikaandika katika daftari, kwa mwandiko mzuri, "rangi huachwa iwe nyeusi kidogo."

Mwishowe alitoa sufuria jikoni, akakamua ndimu, akachovya ncha ya kijiko, akaonja. Uso wake haukuonyesha chochote. Akanyoosha kijiko kuelekea kwangu.

"Imekubali?"

Ilikuwa chungu kama shubiri. Nilitafuta neno ambalo lisingekuwa uongo wala ukweli. Shangazi alikuwa akinisoma usoni.

"Mbona hukukohoa?" aliuliza taratibu.

"Nilijizuia, shangazi. Kwa heshima."

Aliketi juu ya kinu kilicholala. Akasema mambo ambayo hakuwa amemwambia hata mwanawe Pamela. Tangu ile homa ya miaka mitatu iliyopita hasikii harufu yoyote: si ya ua, si ya samaki, si ya moshi. Ulimi nao umebakiza kidogo sana. Ukali anausikia, maana ukali unauma, lakini ladha karibu hazipo. Karoti, nyanya na chumvi mikono inazijua bila kumuuliza. Lakini kuna mahali, baada ya maji ya nyanya kukauka na kabla ya kitunguu saumu kuungua, ambapo pilipili hukubali, na mahali hapo ni padogo mno kwa mtu asiye na pua.

"Kwa hiyo namsikiliza Zabibu," alisema. "Akikohoa mara ya kwanza, naongeza karoti na nyanya. Ya pili, napunguza moto. Ya tatu, naepua. Hajawahi kukosea."

"Yeye anajua?"

"Ajue ili anicheke? Yeye anakohoa tu, kwa sababu ya ubishi wake." Alitazama sufuria. "Pilipili zote za uchanja ndizo hizo. Kesho Ida ataweka blenda yake mezani, nami nitarudi kukaa pembeni na kupewa pole."

Shahada yangu ingeweza kumweleza kwa nini ukali si ladha. Isingeweza kumpa kilo moja ya pilipili iliyoshika moshi.

Zabibu aliingia saa tisa alasiri akiwa na mkoba begani na mfuko wa sandarusi mkononi. Hakuwa ametua mzigo aliposimama katikati ya ua na kunusa.

"Makubwa! Nani kachoma nyumba?"

"Hakuna aliyechoma nyumba," alijibu shangazi bila kugeuka. "Pole na safari. Poleni na msiba."

"Tumeshapoa, tunamshukuru Mungu. Hii pilipili imeungua, Lidwina. Siku nane tu nimetoka, nane!" Akanigeukia. "Na wewe msomi ulikuwa wapi?"

"Shikamoo, mama. Nilikuwa hapo mlangoni kwako."

"Marahaba. Na hukukohoa?"

Shangazi aligeuka polepole.

"Umesemaje?"

Zabibu alitua mfuko chini, akakaa kwenye kigoda nilichokuwa nimerudi nacho, akaanza kuvua viatu kama mtu aliyekwisha kuamua kusema. "Lidwina, wewe ulidhani mapafu yangu yana saa? Mwaka ule uliponiletea maharage yaliyoungua mpaka sufuria inalia, ukaniambia niyale yangali ya moto, nilisema basi, pua ya huyu imekwenda. Kikohozi cha kwanza ni changu mwenyewe, moshi wako unanitoa. Cha pili pia. Cha tatu nakupa, nikinusa kwamba imefika."

"Miaka mitatu unanipa?"

"Miaka mitatu."

"Na hukusema!"

"Ningesema, ungeacha kupika. Mimi ningebishana na nani humu uani? Na huyu anayeandika?"

Shangazi alijifunika uso kwa upande wa khanga. Sikujua kama analia au anacheka, na nadhani yeye mwenyewe hakujua. Alipoutoa uso, ulikuwa wa mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Nimemaliza pilipili," alisema.

Zabibu alivuta mfuko wa sandarusi, akaufungua. Ulikuwa umejaa pilipili kichaa kavu alizopewa na dada yake, nyekundu, ndogo kama kucha. "Hizi nilizileta nizitie kwenye ndimu, mwezi huu mbichi hazipatikani," alisema. "Hazina moshi wako wa uchanja, lakini ni kali. Mungu anisamehe, leo zinaingia motoni. Washa jiko kabla sijabadili mawazo."

Walipika. Zabibu hakukaa jikoni, alikataa katakata. Alikwenda kukaa kizingitini kwake, mahali pake, akisema kwamba akiwa karibu atashawishika kumwaga yote. Nilisimama katikati ya ua bila daftari. Akakohoa. Karoti na nyanya zikaingia. Akakohoa tena, moto ukapunguzwa. Kisha kukawa na kimya kirefu, shangazi akiwa ameinamisha kichwa, mwiko ukizunguka, na mimi nikinusa kwa nguvu zangu zote nione kama ningepatambua mahali pale padogo. Nilidhani nimepatambua. Nikafungua mdomo, nikasita, na katika kusita kwangu kikohozi cha tatu kikaja kutoka ng'ambo, kikavu na cha uhakika.

"Lidwina, unatuua!"

Sufuria ikaepuliwa.

Jumapili, baada ya misa, meza ilitandikwa uani kwa Mama Getruda. Pilipili ya Ida ilikuwa nzuri. Haki ni haki. Ilikuwa laini, yenye rangi ya kuvutia, na watoto waliimimina juu ya viazi bila woga. Lakini watu wazima walizunguka bakuli la shangazi mpaka mtu akalipangusa kwa kipande cha ugali. Zabibu, aliyealikwa kama kila mwaka, alikaa mwisho wa benchi na chupa yake mwenyewe ya ndimu, akimwonya kila aliyepita asile mzoga.

Mama Getruda aliinuka. "Basi, meza imejisemea. Mama Pilipili, sasa uwaeleze hawa mabinti. Unajuaje kwamba imeiva?"

Nilijua jibu lililokuwa tayari mdomoni mwake, lilelile alilonipa mwaka mzima. Hakulitoa.

"Sijui," alisema shangazi. Alisimama wima, mikono kiunoni. "Pua yangu ilikufa miaka mitatu iliyopita. Mikono ni yangu. Pua ni ya huyu Mama Zabibu hapa, ambaye pilipili ya moto haitaki hata kuiona. Yeye hukohoa, mimi naepua. Kama mnataka mwiko ubaki kwangu, mjue mnatuchukua wawili. Pamoja na ubishi wake."

Mama Getruda alitazama bakuli tupu, akamtazama Zabibu.

"Kwani wewe, mama, uko tayari kukoholea jumuiya?"

"Nitakohoa," alisema Zabibu. "Lakini msinibatize."

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Kilipotulia, Ida alisogea karibu na shangazi na kuuliza, kwa sauti yake ileile ya upole, kama angeruhusiwa kuja siku moja kukaa mlangoni kwa Mama Zabibu. Pua yake ni nzima, alisema, na blenda haijamfundisha kunusa.

"Njoo Alhamisi," alijibu shangazi. "Lakini kikikujia kikohozi, kohoa, mwanangu. Usije ukawa na adabu kama huyu msomi wangu."

Jioni ile, kabla jua halijazama, nilifungua daftari. Nilikata maneno niliyokuwa nimeandika kuhusu rangi nyeusi. Katika safu ya muda, iliyokaa tupu mwaka mzima, niliandika kwa wino: kikohozi cha tatu. Walimu wangu wa chuo kikuu wangeweka alama ya kuuliza pembeni. Nimeirudia sentensi hiyo mara nyingi, kama nirudiavyo kila ninachoandika, nikitafuta cha kusahihisha, na safari hii sijakipata.