Shangazi Utepe na Fundi Aliyevuta

Dada yangu ana mikono laini na mdomo wa moto. Watoto huwapa mikono. Sisi wengine, wazazi, wauguzi na mimi mdogo wake, hutubakizia mdomo. Kazi yake ni tiba kwa vitendo: huwafundisha watoto wenye viungo vizito kushika kijiko, kuvaa soksi, kufunga kifungo. Mimi ni karani wa mlangoni kwake, na kwa miaka kumi na moja nimemsikia kila mtu akipewa vipande vyake.

Watoto wanamwita Shangazi Utepe, kwa sababu ya ule utepe wa rangi unaonyumbuka anaowabandika kwenye ngozi. Ukimuuliza utepe huo una faida gani, tafuta kiti kwanza. Utepe hautibu, atakwambia, unaukumbusha mwili tu: kidole, njoo huku, bega, usilale. Hukata pembe zake ziwe mviringo zisinase kwenye nguo, akishaubandika huusugua kwa kiganja gundi ipate joto. Adui yake mkubwa ni mafuta. Kina mama wanataka mtoto afike kliniki anang'aa, basi wanampaka mpaka anateleza, na utepe haushiki. "Mmemleta kutibiwa au kukaangwa?" huwauliza. Wanacheka, na kesho yake wanapaka tena.

Mwaka huu alikuja binti wa miaka sita, mtoto wa fundi cherehani. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kimejikunja ndani ya kiganja na hakitaki kutoka. Zilibaki wiki saba shule ifunguliwe, na binti alishatangaza kwamba hatashikiwa penseli na mtu. Dada alimbandika utepe wa buluu kutoka kwenye kidole hadi juu ya kifundo cha mkono, wakawa wanacheza kuokota vifungo kutoka sahani moja hadi nyingine. Wiki ya tatu kidole kikaanza kuchungulia nje. Siku hiyo dada alitembea kama aliyekiumba yeye.

Ijumaa akampa fundi kipande cha akiba, ili utepe ukibanduka nyumbani aubandike mwenyewe. Alimweleza kwa dakika ishirini, kama kawaida yake, bila kumwacha aguse hata mara moja. Utepe ukabanduka kweli. Sasa fundi cherehani anajua nini kuhusu kitu kinachonyumbuka? Anajua lastiki. Na lastiki ya kiunoni usipoivuta unaposhona, sketi itamwangukia mwenyewe njiani. Basi akauvuta utepe kwa upendo wote, mwisho hadi mwisho, akabandika. Jumatatu ulipotolewa, ngozi ilikuwa imetoka malengelenge.

Dada akalipuka. "Baba mzima! Nimekwambia uulaze tu, wewe umemfunga mtoto kama gunia! Hiki ni kitambaa?"

"Nilidhani nikivuta ndiyo itasaidia zaidi, daktari."

"Ulidhani!"

Hata waliokuwa chumba cha pili walisikia. Binti alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, anatazama.

Malengelenge yalipona kwa siku kumi, lakini mkono haukurudi kazini. Binti alikuja, akakaa, akauficha mgongoni. Utepe hakutaka, vifungo hakutaka. Dada alimletea vikaragosi, akamwimbia kwa sauti yake ile, Mungu amsamehe. Wapi! Shule ilibakiza wiki mbili. "Anaogopa maumivu," aliniambia, na jioni hiyo alisahau hata kunigombeza. Nikajua mambo ni mazito.

Alhamisi akachoka kubembeleza, akakaa naye chini. "Mkono bado unakuuma, mama?"

Binti akatikisa kichwa.

"Sasa unauficha kwa nini?"

"Ukiharibika, Baba anagombezwa."

Mimi mlangoni na daftari langu niliona aibu kwa niaba ya dada, maana ndugu ni ndugu. Akanituma nimwite fundi, aliyekuwa kwenye benchi la nje.

"Baba, kaa hapa," dada alimwambia. "Kosa lilikuwa langu. Nilisema sana, sikukuonyesha. Na kukufokea mbele ya mtoto ni kosa kubwa zaidi. Nisamehe."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akiomba radhi. Fundi akakaa mkekani karibu na binti yake. "Yamekwisha, daktari. Hata mimi wateja wangu wanaujua mdomo wangu."

"Baba, usimtetee," binti akasema. "Aseme tena."

Dada akasema tena, polepole, safari hii akimtazama binti usoni. Binti akafikiri. Kisha akautoa mkono mgongoni, akauweka kwenye goti la baba yake, kidole gumba kikiwa bado kimejificha ndani.

"Baba ndiye abandike," akasema. "Wewe mwonyeshe. Lakini usimfokee."

Fundi akaupokea utepe, na dada yangu, bila kusema neno, akaanza kumwonyesha.