Maji Tuliyooga na Baba

Binti yangu Tumaini aliponipigia kutoka Columbus, huku huku Marekani, akisema tukazunguke kusini mwa Afrika kwa gari, tuone wanyama na kumalizia ufukweni, nilitakiwa kusema hapana. Nilikubali kabla hajamaliza.

Enzi zetu safari ya namna hiyo haikuitwa utalii. Tuliokulia Tunduma tunajua. Baba alikuwa dereva wa lori, na likizo moja alitupakia mimi na kaka yangu Ambakisye juu ya magunia, tukavuka mpaka mmoja baada ya mwingine. Tulinuka dizeli hadi kwenye nywele. Ugali tulisonga kando ya barabara, dagaa wakaingia mchanga, tukala hivyo hivyo na kulamba sahani. Tembo walipokatiza, baba alizima injini akatunong'oneza, "Tulieni, njia ni yao." Mimi nilijikojolea. Ambakisye alinicheka mpaka mji uliofuata.

Mwishowe tulifika kwenye maji, na hapo ndipo kichwa changu kinapovurugika. Mimi nakumbuka bahari ya Msumbiji, chumvi mdomoni. Kaka alishikilia kwamba lilikuwa Ziwa Nyasa, upande wa Malawi, na kwamba maji yale tuliyanywa. Uzeeni yeye akiwa Buffalo, mimi Louisville, kila Jumapili tulibishana kwenye simu. "Ingekuwa bahari, mdogo wangu, ungeharisha hadi Tunduma," alikuwa akiniambia.

Aliposikia nasafiri, alikuwa mgonjwa. Aliniomba, "Ningoje nipate nafuu, tukayaonje wote." Nikadhani anaogopa kushindwa. Nikaenda.

Gari la watalii lilikuwa na friji na viti vya kulalia. Tembo walipopita mbele yetu, wajukuu zangu waliwatazama kwenye simu, na mmoja akauliza kwa Kiingereza kama kambini kuna intaneti. Hakuna aliyejikojolea.

Niliingia ziwani, nikasema ni hapa. Siku kadhaa baadaye nikaingia baharini, nikasema tena ni hapa. Kote mchanga ulikuwa mweupe, kote watoto walikuwa wakipiga mbizi uchi kama sisi. Kila jioni nilimrekodia kaka ujumbe: umeshinda, hapana, ngoja kwanza, labda tulifika kote kuwili? Siku moja akajibu shemeji badala yake, kwamba nimalize safari kwanza, tutazungumza nikirudi. Sikushtuka, mimi niliyelelewa kwetu, ninayejua kabisa kwamba aliye njiani haambiwi msiba. Nikaendelea kumtumia kaka sauti za mawimbi.

Tuliporudi, Tumaini hakunipeleka Louisville. Aliendesha moja kwa moja hadi Buffalo. Mbele ya nyumba ya kaka magari yalikuwa yamejaa. Shemeji alinishika mkono, akaniambia walikuwa wameshamzika.

Watoto wa leo wamepiga picha kila kitu. Wakizeeka hawatabishana walioga wapi. Sisi hatukuwa na kamera. Nilichokuwa nacho ni kaka, na yeye alikuwa nami, kila mmoja akimsahihisha mwenzake. Sasa naamka naonja chumvi, kesho yake naonja maji matamu, na hakuna aliyebaki wa kuniambia nimekosea. Kwa kukubali safari ile sikumuaga kaka yangu, na sikumzika.