Herufi Moja Msibani

Mimi si mtu wa kunyamaza, na ndiyo maana jumuiya yetu ndogo ndogo, hapa jirani na machimbo ya Bulyanhulu, ilinichagua kuwa katibu. Misibani wananisukumia mbele. Mwenyekiti wetu, mzee aliyechimba dhahabu mpaka mgongo ukakataa, ana sentensi moja tu ya kufariji: "Kazi ya Mungu haina makosa." Anamwambia kila mfiwa, kisha anaketi. Ilikuwa inaniudhi sana.

Mwaka jana mama mmoja wa jumuiya yetu alifiwa na mume aliyeishi naye tangu ujana. Tukazika, tukaimba, na siku ya nne baada ya maziko mkamwana wake akaja kwangu amekunja uso. Mama hali. Anakunywa uji vijiko viwili, anageukia ukutani. Na mama huyo ana kisukari. Akimeza dawa bila chakula zitamwangusha, na asipozimeza ugonjwa utamwangusha. Nikaapa moyoni kwamba safari hii nitasema neno la maana.

Neno hilo nililiandika kwenye simu, nikiwa juu ya bodaboda nikitoka sokoni kuuza michembe yangu, viazi vitamu vilivyokaushwa, mchana, tumboni hamna kitu na barabara ni mashimo matupu. Nilitaka kuanza na lile agizo la mtume la kulia na wanaolia.

Wanajumuiya tulipofika kwake, tulimkuta mama amelala mkekani sebuleni. "Tumsifu Yesu Kristo," nikasema. Midomo ilijibu, macho hayakufunguka. "Shikamoo, mayo," nikaongeza, tunavyomwita mama kwa Kisukuma. Mwenyekiti akatoa sentensi yake. Nikafungua simu, nikakohoa kidogo, nikasoma kwa sauti ya kanisani:

"Mayo, sisi wanajumuiya wenzako tumekuja kula nawe."

Ilipaswa kuwa kulia. Herufi moja ilikuwa imedondoka njiani. Wanawake waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika kwa kicheko, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini mama alifungua macho.

"Kwani hamjala?"

"Mama, katibu alikuwa anamaanisha..." mwenyekiti akaanza. Nikamkanyaga mguu.

"Hatujala, mayo," nikasema, na kwa upande wangu ulikuwa ukweli mtupu.

Akainuka, akashika ukuta. "Wageni wa jumuiya wanakaa na njaa kwenye kaya yangu, na ninyi mnawatazama tu?" aliwauliza wakamwana zake. Kwa desturi mfiwa hagusi kazi. Tulikuwa tumempokonya hata ufagio, kwa upendo, akabaki hana la kufanya ila kufiwa. Sasa alikwenda jikoni na hakuna aliyethubutu kumzuia. Nilimsikia akionja nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, na kugomba: "Kalanga mmeweka kidogo. Mlikuwa mnamwogopa nani?" Niliufurahia ule ugomvi kuliko kwaya ya Pasaka.

Ugali aliusonga kwa mkono wake mwenyewe, ukaletwa unafuka moshi. Tukanawa. Mimi nikakunja mikono.

"Kula, mwanangu," akasema.

"Sikusema kula kwako, mayo. Nilisema kula nawe."

Akajua nimemtega. Akakata tonge dogo. Kisha la pili. La tano alilichovya bila kubembelezwa na mtu, na mkamwana wake akakimbilia chumbani kuleta dawa. Nilikuwa najisifu moyoni, Mungu anisamehe, nikijiona mfariji wa kuazimwa na parokia nzima.

Ndipo mama akaivuta sufuria ya ugali, akakwangua, akatoa ukoko mzima, akabaki ameushika mkononi.

"Huu alikuwa anaula mzee," akasema. "Sasa nitampa nani?"

Nikaivuta simu, nikaipekua hotuba yangu. Ukoko haukuwemo. Mwenyekiti wetu, ambaye meno yake hayafiki matano, akanyoosha sahani.

"Nipe mimi, mama," akasema, akautafuna wote, polepole, machozi yakimwingia mdomoni.