Sufuria ya Arzula na Kibao cha Barabarani

Waumini wa madhehebu ya Kongregesheni hawana askofu wa kuwaamulia. Hupiga kura kwa kunyoosha mikono. Siku ya kuamua kama kibao cha kumbukumbu kisimamishwe barabarani mbele ya kanisa lao kuukuu la watu weusi, huko mashambani Georgia, mkono uliopinga ulikuwa mmoja tu, wa Arzula Mapp.

"Shangazi, umetuaibisha," Verdell, binti wa kaka yake, alimnong'oneza.

"Bora aibu kuliko moto. Wewe moto umeuona wapi?"

Arzula aliuona. Alikuwa mtoto mdogo, baba yake shemasi, pale mzungu mmoja aliposimamisha gari akauliza kwa upole ibada huanza saa ngapi. Baba akamjibu. Jumapili hiyo kanisa likateketea, na baba ndani. Waliosalia wakajenga jingine nyuma ya misonobari, mlango ukaelekea msituni. Basi Arzula akakua, akafulia watu nguo, akafundisha watoto Zaburi, akazika mume. Na kila Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, aliinamisha sufuria ya chuma mlangoni, mdomo chini, kama bibi zake enzi za utumwa, ili imeze sauti zisifike barabarani. Vijana walimcheka.

"Chekeni tu! Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka."

Siku ya uzinduzi, kwa kuwa ndiye mkongwe wa wote, mchungaji akamwita yeye afunue kibao. Akavuta kitambaa. Makofi yakalia. Papo hapo gari la mizigo likapunguza mwendo, likasimama. Mzungu mzee akateremka, akasoma kibao mpaka mwisho.

"Kumbe hapa kuna kanisa! Miaka yote napita, wala sijui."

"Ndivyo tulivyotaka," Arzula akasema.

Mzee akavua kofia. "Na ibada huanza saa ngapi, bibi?"

Ee Mungu wangu! Swali lile lile! Verdell, yule yule wa aibu, akamshika kiwiko.

"Shangazi, usimjibu!"

Arzula akalitazama jina la baba yake kwenye kibao.

"Saa tano asubuhi," akasema. "Mlango uko nyuma."

Mzee akashukuru, akaenda zake. Mwema au mbaya, nani ajuaye moyo wa mtu? Jumapili iliyofuata Arzula aliwahi kuliko wote, akaketi dirishani, macho barabarani, hofu imemjaa tele. Sufuria hakuiinamisha.