Mama Foleni Alipokwenda Kula Mlimani

Kwa miaka thelathini na moja Mama Foleni alipika maharage na kabichi katika shule ya bweni yenye wanafunzi mia sita, na katika muda wote huo hakuna mtu aliyewahi kumpakulia yeye chakula. Alikula wa mwisho, amesimama, mgongo umeegemea mlango wa stoo, jicho moja kwenye sahani na jingine kwenye mstari. Jina la Foleni alipewa na wanafunzi, maana mbele ya sufuria yake hapakuwa na mkubwa wala mdogo. Siku moja mkuu wa shule alijipenyeza mbele ya watoto wa kidato cha kwanza. Mama Foleni aliinua mwiko, mrefu kama mpini wa jembe, akauelekeza kule nyuma. Mkuu akaenda nyuma, na jina likaganda.

Alipostaafu alipewa cheti, saa ya ukutani, na hotuba ndefu iliyomwita "nguzo". Akarudi nyumbani kwake, vyumba vitatu nyuma ya karakana ya magari, na mikono isiyojua kukaa bure. Akalima.

Mwaka huo mvua ilinyesha bila adabu, na maboga yakafanya fujo. Si kwake tu, mji mzima. Yalipanda kuta, yakavuka uzio, moja likaingia karakana na kunenepa chini ya gari lisilo na injini, mafundi wakalizoea. Ukimtembelea jirani na boga moja, unarudi na mawili. Watu walianza kufunga milango mchana. Ukibisha hodi, mtu anachungulia kwanza dirishani kuona umebeba nini. Mama Foleni alikula boga asubuhi, boga mchana, boga jioni, mpaka akamwambia binti yake kwenye simu, "Mwanangu, siku hizi nikikohoa natoa mbegu."

Binti huyo alikuwa muuguzi, mtu wa maneno machache. Mumewe alikuwa karani katika ofisi ya maji, mtu mwema, ila alikuwa na ugonjwa mmoja ambao mkewe hakuweza kuutibu: alipenda kuonekana. Wazo lilikuwa lake.

"Mama, Jumamosi tunakupeleka mlimani," alisema. "Kule wanakokula watu wanaojua kula."

"Kwani mimi sijui?"

"Unajua kupika, Mama. Kula ni elimu nyingine."

Mama Foleni aliguna, lakini moyoni alifurahi. Akauliza jambo moja tu. "Huko kuna boga?"

Mkwe alicheka mpaka kola ya shati ikalegea. "Boga? Mlimani? Mama nawe!"

Mgahawa wa mlimani ulikuwa nyumba ya matofali mazuri iliyofunikwa udongo ili ionekane haina matofali. Viti vilikuwa magogo yasiyorandwa, na ukikaa vibaya unaondoka na kibanzi. Ukutani, mahali ambapo watu wengine hutundika picha, palikuwa na jembe. Mama Foleni alilisogelea akaligusa. Lilikuwa jipya kabisa. Ile kutu ilikuwa rangi, imepakwa kwa brashi.

Ilikuwa saa saba mchana na meza zote zimejaa. Watu walikuwa na miwani ya jua vichwani na walizungumza kwa sauti ya chini kama wako msibani. Mhudumu, mwanamume wa makamo mwenye aproni nyeusi na sauti ya mtangazaji wa redio, akaja akainama.

"Shikamoo, mama. Karibuni sana. Sisi hapa hatuna orodha ya vyakula. Orodha yetu ni ardhi. Tunapika kile tu ambacho udongo wa hapa umetupa wiki hii. Kinaletwa kwa hatua saba."

"Marahaba, baba. Na wiki hii udongo umewapa nini?"

Mhudumu akafumba macho. "Wiki hii, mama, udongo umesema: boga."

Binti aliinua kitambaa cha meza akajifunika mdomo, mabega yakimtikisika. Mkwe alilikodolea macho lile jembe ukutani kana kwamba ndilo lililomsaliti.

Hatua ya kwanza ililetwa juu ya jiwe: mbegu tatu za boga, mbili zimekaangwa na moja haikukaangwa, "ili ulimi ukumbuke safari". Hatua ya pili ilikuwa ua la boga lililojazwa kitu ambacho mhudumu alikiita pumzi. Ya tatu ilikuwa jani moja, limekunjwa kama barua. Ya nne ilikuja na mbwembwe, bakuli la kioo lililofunikwa. Mhudumu alipofunua, moshi mweupe ukatoka, ukazunguka, ukaisha.

Mama Foleni akachungulia ndani ya bakuli. "Na chakula chenyewe?"

"Ndicho hicho, mama. Moshi wa boga. Unavutwa."

"Sasa kimeshatoka."

"Ndiyo, mama. Msimu nao hupita."

Kwenye meza ya jirani, bwana mnene mwenye tai alikuwa amevuta wake kwa macho yaliyofumbwa, na sasa alikuwa akimweleza mkewe kwamba amehisi kitu. Mkewe alikuwa na njaa, na hilo ndilo alilohisi yeye.

Hii ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake Mama Foleni kukaa kitini na kuletewa chakula, tena si mara moja, mara nne, na tumbo lake lilikuwa tupu kama ngoma. Hakutaka kulalamika. Mkwe alikuwa amejitahidi, na uso wake ulianza kuwa na jasho. Kwa hiyo alikaa wima, akalisifia jiwe.

Ilikuwa kati ya hatua ya tano, ganda, na hatua ya sita, kitovu cha boga, ndipo pua yake iliposhtuka. Aliinua kichwa.

"Maharage," alisema.

"Mama, hapa hakuna maharage," mkwe alinong'ona. "Ni msimu wa boga."

"Kuna maharage, na yanaanza kushika chini."

"Mama, tafadhali, tumekaa na watu."

Afadhali angemwambia simba asisikie harufu ya nyama. Kwa miaka thelathini na moja mwanamke huyu alikuwa ameamka usingizini kwa harufu hiyo, ametoka msalani kwa harufu hiyo, na siku moja ameacha mazishi ya shangazi yake kwa harufu hiyo. Alisukuma gogo lake nyuma, akapita katikati ya meza, akausukuma mlango wenye maandishi WAFANYAKAZI TU.

Kwenye jiko la kona, mbali na mawe na maua, sufuria kubwa ya maharage ya wafanyakazi ilikuwa ikilia. Mwosha vyombo, mama wa umri kama wake, ndiye aliyepaswa kuiangalia, ila alikuwa ameitwa akang'arishe mawe ya sahani. Mama Foleni hakuuliza mtu. Alizima moto, akashika masikio ya sufuria kwa pindo la gauni lake la kutokea, akayamimina maharage ya juu kwenye sufuria nyingine.

"Usikwangue!" alimfokea mpishi mmoja aliyekuja na kijiko. "Ukikwangua tu, unawalisha watu mkaa. Acha ya chini yabaki na dhambi zao."

Mpishi mkuu akatokea. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, ndevu zimechongwa, karoti imechorwa kwenye mkono wake wa kulia. "Wewe ni nani? Nani amemruhusu huyu?"

"Mimi ni mtu aliyeokoa maharage yako. Chumvi umeiweka mapema, ndiyo maana ngozi ni ngumu."

Kabla hajajibu, mhudumu aliingia mbio, sauti ya redio imempotea. "Mkuu, wageni wanauliza harufu ile ni nini. Meza zote. Yule bwana wa tai anasema ndiyo kitu cha kweli cha kwanza alichonusa leo. Nimewaambia ni hatua ya nane."

"Hatua ziko saba!"

"Nimeshawaambia nane."

Mpishi mkuu alionja maharage kwa ncha ya kijiko. Yalikuwa na chembe ya moshi, kidogo tu. Macho yake yakabadilika. "Leteni vibakuli vidogo," alisema. "Vile vya udongo. Pakueni."

"Hicho ni chakula chetu, mkuu," mwosha vyombo alisema polepole.

Hakuna aliyemsikia isipokuwa mmoja. Mama Foleni alisimama kati ya sufuria na vile vibakuli, akanyoosha mkono, na mwosha vyombo, bila kuambiwa, akamtilia mwiko mkononi.

"Nani hapa yuko kazini tangu alfajiri?"

Mikono kumi na miwili ikainuka.

"Hao kwanza. Sahani kubwa."

"Mama, nina wageni arobaini wanaongoja!" mpishi mkuu alisema.

"Wamekula mara tano. Hawa hawajala hata mara moja. Au kwenu hesabu inasomwa kwa kupinduliwa?"

Kuna sauti ambayo mtu aliyewahi kusoma bweni haisahau, na mpishi mkuu alikuwa amesoma bweni, si hilo, jingine. Miguu yake ilimpeleka mpaka mwisho wa mstari wa wafanyakazi kabla akili haijashauriwa. Wafanyakazi wakala, wameketi juu ya makreti ya maboga, harakaharaka, kama watu wanaoogopa kwamba mtu atabadilisha mawazo. Kule mbele mhudumu aliwaeleza wageni kwamba maharage yanapumzika, kwa kuwa hayapendi kuharakishwa. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Waliyaelewa kabisa.

Yaliyobaki yalipelekwa mezani, kijiko kimoja kwa kila mtu. Binti alihesabu ya kwake: maharage saba. Bwana wa tai alitia la kwanza mdomoni, akalitafuna muda mrefu, akasema ladha hii ina huzuni ndani yake. Bibi mmoja dirishani alifuta machozi. Na yule mkwe, aliyekuwa ameinamisha kichwa mpaka paji linakaribia jiwe, aligeukia meza ya jirani, akanyoosha kola.

"Aliyepika," alisema, "ni mama mkwe wangu. Sisi nyumbani tumezoea."

Jumatatu asubuhi hodi ilibishwa nyuma ya karakana. Mama Foleni alichungulia dirishani. Aliyebisha alikuwa mpishi mkuu, na mikononi alikuwa amebeba zawadi: boga.

"Liache hapo nje, mwanangu, lizungumze na wenzake. Karibu ndani."

Alikaa ukingoni mwa kiti, akajikuna karoti. Wageni walikuwa wamepiga simu siku nzima ya Jumapili. Wote walitaka hatua ya nane. Amejaribu kuipika mara nne. Mara mbili haikuungua, mara mbili imeungua ikafa. "Naomba unifundishe, mama. Yaungue kila siku, kwa kiasi kile kile."

Mama Foleni alimtazama kwa huruma halisi. "Baba, mimi nimelipwa maisha yangu yote nisiunguze. Wanafunzi mia sita walikuwa wananiombea mabaya kila nilipounguza. Leo nije nifundishe?"

"Ni sanaa, mama."

"Ni usahaulifu. Kusahau hakuna mwalimu, kila mtu anajua mwenyewe." Akamwekea chai. Halafu akasema, "Kupika kwa ajili ya wale watu wako, hapo nitakuja. Siku tatu kwa wiki. Wapewe chakula kabla ya wageni, na yule mama asiitwe kung'arisha mawe wakati kuna sufuria motoni."

Kijana alifikiri, akakubali. Alifikiri atajifunza kwa kuibia. Hakujifunza, kwa sababu hapakuungua kitu tena. Maharage ya wageni aliyaunguza mwenyewe kwenye kikaango, kwa saa ya mkononi, na mwandishi mmoja wa gazeti akayasifu kwamba mtu anaonja ndani yake mikono ya bibi kizee aliyechoka. Mama Foleni alisomewa makala hayo na binti yake. Alisema yeye hajachoka, na kwamba mikono yake huwa anainawa.

Maboga yakaisha, msimu wa kabichi ukaingia. Kule mbele wageni walikula kabichi kwa hatua tisa, ikiwemo moja ya kusikiliza jani likikatwa. Kule nyuma wafanyakazi walikula mchuzi wa kuku na viazi, kwa kuwa Mama Foleni alishawapikia watu mia sita kabichi na hakuwa na deni nayo. Wageni wakaanza kutazama mlango wa jikoni. Wengine waliingia na mkate ndani ya mkoba.

Jumamosi moja Mama Foleni alimkuta yule bwana wa tai amesimama mlango wa nyuma, kwenye ndoo za takataka, na sahani mkononi. Alikuwa ameitoa nyumbani kwake.

"Mama," alisema, "kidogo tu."

"Umefanya kazi gani leo?"

Bwana alifikiri kwa uaminifu. "Nimeketi."

Mama Foleni alimwonyesha sufuria kubwa na waya wa kusugulia. Bwana alivua koti, akatupa tai begani, akasugua. Alisugua vibaya, akarudishwa, akasugua tena. Kisha akala sahani mbili juu ya kreti, na hakusema ladha ina nini ndani yake.

Wiki iliyofuata alikuja na rafiki yake. Mwezi haukuisha, mpishi mkuu akasikia kwamba wageni wanaweka nafasi mapema ili kusugua masufuria, akaiandika kuwa hatua ya kumi na kuitafutia jina refu. Mwosha vyombo hakujali jina. Siku hizi, kila Jumamosi mchana, yuko nyumbani kwake, amelala.